Vitabu Ndani ya Friza

Jumapili moja ya mwezi Machi, siku tatu kabla ya Ramadhani, mama mkwe wangu aliingia jikoni kuhesabu sambusa. Ni mazoea ya mtu aliyekaa dukani miaka 40: mali huhesabiwa kabla mlango haujafunguliwa. Alifungua friza, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba na hataki watoto wataharuki.

"Mwanangu, njoo. Humu ndani mna joka."

Joka lilikuwemo kweli, kwenye jalada la kitabu. Droo tatu zilizolala na sambusa 300, alizozikunja yeye kwa siku mbili, zilikuwa zimeamka na vitabu 12 vilivyolowa maji, kila kimoja kimefungwa karatasi ya nta na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Cha juu kabisa kilikuwa Dragons of Eberron. Sambusa nilizitoa mimi saa nane usiku, nikaziweka barazani nyuma ya nyumba ndani ya beseni lenye mfuniko, nikiamini kwamba baridi ya Indianapolis ingezitunza hadi nitakapopata pengine pa kuviweka vitabu.

Nilimweleza yote palepale. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza jambo moja: "Na baraza hiyo inatazama wapi?"

Baraza yetu inatazama mashariki. Jua lilikuwa limetoka zamani.

Tulipofunua beseni tulikuta sambusa 110 ambazo bado zingeweza kubanduliwa moja moja. Zilizobaki zilikuwa zimeshikana, manda zimelegea, nyama inachungulia. Chakula kilichoyeyuka kikakaa juani hakirudishwi kwenye barafu, kwa hiyo siku ile tulikaanga tangu saa nne asubuhi hadi adhuhuri, na watoto wakapeleka sahani kwa majirani wa pande zote mbili za barabara. Kila aliyepokea alishukuru kwa furaha. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kimya, akiinusa mikono yake iliyokuwa bado na harufu ya bizari na vitunguu vya juzi.

Sanduku

Mji wetu, tangu 2003, ndio unaopokea Gen Con, mkutano mkubwa wa wapenzi wa michezo ya mezani. Mkutano huo ulianza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, na ni katika mji huohuo ambapo mwaka 1974 ulitolewa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika mchezo huu mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali, hali ya hewa, watu wanaokutwa njiani. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu la pande 20 huamua. Hadithi moja yaweza kwenda miezi, hata miaka, na hiyo ndiyo huitwa kampeni.

Mezani kwetu msimulizi ni mimi. Wachezaji ni wanangu wawili, wa kiume na wa kike, na mtoto wa jirani, kijana wa miaka 14 ambaye wazazi wake ni watu wa Kivu na yeye mwenyewe alizaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kiswahili chake na chetu hupishana hapa na pale, lakini hadithi haijawahi kukwama kwa sababu hiyo.

Ulimwengu tuliouchagua ni Eberron. Mwaka 2002 wenye mchezo walitangaza shindano la kubuni ulimwengu mpya, wakapokea mapendekezo zaidi ya 11,000, na likashinda la Keith Baker. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2004. Bara lake kuu, Khorvaire, limetoka kwenye vita vya miaka 102 baina ya mataifa matano yaliyokuwa zamani ufalme mmoja. Kuna treni zinazokwenda kwa nguvu za radi na vyombo vinavyopaa angani. Kuna watu wa chuma, waliotengenezwa ili wapigane, ambao mkataba wa amani uliwapa uhuru wao. Na kuna Cyre, taifa lililoteketea kwa siku moja mwaka 994 wa kalenda yao, likabaki ukungu wa kijivu. Miaka miwili baadaye walionusurika katika mataifa mengine waliweka silaha chini, kwa hofu zaidi kuliko kwa upendo. Mchezo unaanza mwaka 998, na swali lake ni lile linalowakabili watu wote waliotoka vitani: tutaishije sasa na tuliopigana nao?

Kwa mtaa wenye majirani kama wangu, niliona ulimwengu huo una jambo la kuwaambia watoto.

Tulikuwa na kitabu kimoja tu cha ulimwengu huo, Eberron: Rising from the Last War, kilichotoka Novemba 2019 kwa ajili ya toleo la 5 la mchezo. Kina kurasa 320, nacho kilitutosha majira yote ya baridi. Ndipo mzee mmoja wa mtaa wa pili, akihama, alipotoa vitu vyake vya kuuza nje ya gereji, na katikati ya vyombo vya bustani nikaliona sanduku. Ndani mlikuwa na vitabu vya nyongeza vya Eberron vya miaka ya 2004 hadi 2008: cha mji wa Sharn, cha mataifa matano, cha dini, cha koo zenye alama za joka, cha bara la Xen'drik, cha bara la Sarlona, cha historia ya vita, na vingine. Vitabu 12 kwa dola 80. Nilimlipa mikono ikinitetemeka.

Baba watoto alinisaidia kulishusha sanduku garini. "Mama watoto," aliniambia, "tunacho kimoja na hatujakimaliza. Hivi vingine vimekuja kufanya nini?"

Nilimjibu kwamba ulimwengu hauwezi kuwa na vitabu vingi mno. Nililiamini neno hilo kwa moyo wote. Tukalipeleka sanduku chumba cha chini ya ardhi, ambacho huku sote tunakiita besimenti, nikaliweka sakafuni karibu na ngazi, nikisema nitatengeneza rafu wiki ijayo.

Maji

Nyumba nyingi za huku zina shimo dogo kwenye sakafu ya besimenti, na ndani yake pampu. Mvua ikinyesha, maji ya ardhini hujikusanya shimoni. Yakifika kimo fulani, boya huinuka, pampu huwaka na kuyasukuma nje. Usiku ule wa Jumamosi mvua ilinyesha juu ya theluji iliyokuwa ikiyeyuka, na boya lilikwama kwenye ukuta wa shimo. Pampu ilikaa kimya. Nilipoamka kwa kiu nikasikia kitu kinagonga chini, taratibu, kama mtumbwi gatini. Lilikuwa ni beseni la kufulia, linaelea.

Maji yalifika juu ya vifundo. Baba watoto alilikwamua boya kwa mpini wa ufagio, mimi nikalikumbatia sanduku. Sehemu yake ya chini ilikuwa imelainika kama mkate uliotiwa chaini, na katikati ya ngazi ikakatika. Vitabu vikamiminika.

Karatasi ya vitabu vya aina hii ina mng'aro kwa sababu imepakwa udongo laini, ili picha za rangi zitoke vizuri. Maji yakiingia, udongo ule hugeuka gundi. Ukikiacha kitabu kikauke kikiwa kimefungwa, kurasa hushikana na kuwa tofali, na hakuna tena wa kuzitenganisha. Ukikiacha kibichi, ukungu huweza kuanza kwa muda wa saa 48 hivi. Njia ya kununua muda ni moja, nayo wahifadhi wa maktaba huitumia: kukigandisha. Kitabu kilichoganda hakioti ukungu na kurasa zake hazishikani zaidi. Unaweza kukitoa baadaye, kimoja kimoja, ukakifungua kurasa kwa kurasa kingali na unyevu.

Hayo niliyajua. Na saa nane usiku mtu hulifuata lile analolijua. Friza ilikuwa moja, droo zilikuwa tatu, na sambusa zilikuwa 300.

Mali iliyolala

Jioni ya siku ile Mama alizungumza. Alimtuma mjukuu amletee chai, akanikalisha mbele yake.

"Mwanangu, sikugombezi. Kilichomwagika hakizoleki. Nataka kujua tu. Hivi vitabu, nani ameviulizia?"

"Mimi, Mama."

"Wewe ndiye mwenye duka. Mteja ni nani?"

Sikuwa na jibu. Akanisimulia mambo ya duka lake la Pangani ambayo, kwa miaka 16 ya ndoa yangu, sikuwahi kuyasikia. Chini ya meza ya kuuzia aliweka daftari ambalo halikuwa la mauzo wala la madeni, bali la vilivyoulizwa vikakosekana. Mtu akija kutaka kitu ambacho hana, anakiandika na kuweka kijistari kimoja. Akija mwingine kutaka kitu hichohicho, kijistari cha pili. Vikifika vitatu, kinaingia katika orodha ya safari ya Tanga, kwa wauzaji wa jumla. Kabla ya vitatu hakinunuliwi, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe rahisi namna gani.

"Mwaka wa kwanza sikuwa na daftari," alisema. "Nilinunua nilivyovipenda mimi. Vikombe vya maua, vizuri, vya Kichina. Vililala rafuni mpaka nikavitoa zawadi kwenye harusi za watu. Mali iliyolala haikai bure, mwanangu. Inakula nafasi ya mali inayotembea."

Kisha akatoa hukumu yake. Atakunja sambusa upya, 200, kidogo kidogo kila baada ya futari. Kumi la kwanza, kumi la rehema, ananiachia friza. Likiisha, anazitaka droo zote tatu.

Siku 10, basi. Kukausha kitabu kimoja kwa namna iliyo sawa huchukua juma zima, na meza yetu, ambayo ni ya futari pia, ingebeba vitabu viwili kwa wakati, labda vinne nikibana. Ilinibidi kuchagua vinne kati ya 12.

Usiku ule nilimpa binti yangu daftari jipya la shule na kalamu, nikamwambia: kila swali litakaloulizwa mezani nikashindwa kulijibu, liandike. Likirudi, weka kijistari.

Maswali

Ramadhani ilipoingia tulicheza Ijumaa na Jumamosi baada ya tarawehe. Usiku wa kwanza Mama aliyaona madadu juu ya meza, akauliza kama kuna fedha zinazowekwa. Nikamwambia hakuna hata senti. "Hata hivyo, mwezi huu yawekeni," alisema. "Mtu akipita dirishani akayaona usiku wa Ramadhani, atajuaje?" Niliyafunga kwenye kitambaa nikayaweka kabatini.

Jambo hilo dogo lilinifungulia macho. Vitabu vya sanduku viliandikwa kwa ajili ya toleo la 3.5, na hesabu zake haziingiani na za toleo la 5: nguvu za viumbe, uzito wa mapigo, ngazi za uganga, vyote vinahitaji kupimwa upya. Nilikuwa nimeogopa kazi hiyo. Lakini bila madadu, hesabu zenyewe zilikaa kimya, na kilichobaki katika kila kitabu ni kile kisichochakaa: mahali, watu, desturi, njia, chuki za jana. Na Eberron ina heshima moja ambayo si kila ulimwengu unayo. Katika Forgotten Realms, ulimwengu wa Ed Greenwood, kitabu kikuu cha mwaka 2001 kinasimulia mwaka 1372 wa kalenda ya huko, na cha toleo lililofuata kimeruka hadi mwaka 1479. Falme na hata miungu vimebadilika katikati. Mwenye kununua vya zamani lazima ajue ananunua karne ipi. Eberron, katika kila toleo, huanza mwaka uleule wa 998. Kitabu cha 2004 na cha 2019 vinasimama mtaa mmoja, siku moja.

Kwa hiyo vyote 12 vilikuwa bado hai. Lililobaki ni kujua watoto wanauliza nini.

Kijana wa jirani, ambaye mhusika wake ni mtu wa chuma, alianza. Je, mtu wa chuma anakula? Hilo nililijua: hali, hanywi, hapumui, hahitaji usingizi. "Basi hawezi kufunga," alisema mwanangu. "Asiyeona njaa atajizuia nini?" Tukatazamana. Mama, aliyekuwa kitini kwake na tasbihi mkononi, alijibu bila kugeuka: "Ataufunga ulimi." Tangu usiku ule mtu wa chuma wa mezani kwetu ana mchana mmoja kila juma asiosema neno. Kijana akataka kujua zaidi: watu hawa walipewa majina na nani? Walipoachwa huru walikwenda wapi? Kijistari kimoja, viwili, vitatu.

Binti yangu anacheza mtu wa Cyre aliyefika Sharn, mji wa minara mirefu kwenye mdomo wa mto Dagger. "Watu wa kwetu wanakaa wapi humu mjini?" aliuliza. Nikasema machache niliyokuwa nayo. Hayakumtosha. Wanaishi mnara gani? Maji wanateka wapi? Mkubwa wao nani? Kisha kijana wa jirani akauliza swali ambalo mtoto aliyelelewa penye utulivu hangelifikiria:

"Na karatasi ya mgao wa chakula, anaishika nani? Baba au mama?"

Chumba kilinyamaza. Binti yangu aliliandika kwa herufi kubwa.

Kufikia mwisho wa usiku wa pili daftari lilikuwa limeamua. Sharn: City of Towers ya 2004 ilikuwa na vijistari 9. Maswali juu ya mataifa mengine, jinsi mtu wa Thrane anavyomtazama mtu wa Karrnath waliyepigana naye, yalikiita Five Nations. Maswali juu ya treni, wapi abiria wa bei nafuu hulala, wapi mizigo hukaa, yalikiita Explorer's Handbook, kilicho na ramani za mabehewa. Watu wa chuma walikiita Races of Eberron, chenye sura nzima juu yao. Hivi vitatu ni vya 2005.

Kile cha majoka hakikuwa na kijistari hata kimoja. Wala cha Sarlona. Wala cha Xen'drik. Ndivyo vilivyonitetemesha mikono penye gereji ya mzee yule.

Tishu na feni

Kazi ya kukausha ilichukua nyumba nzima. Sharn ina kurasa 192, yaani karatasi 96, na katikati ya kila karatasi na mwenzake ilitakiwa tishu ya jikoni, ibadilishwe kila ikilowa. Kabla ya futari, saa ile ambayo mkono hutafuta la kufanya ili tumbo lisahau, tulikaa wanne. Mimi nilipitisha kisu butu cha siagi baina ya kurasa, polepole, kitabu kingali kibichi. Mwanangu aliweka tishu. Binti alizitoa zilizolowa na kuzianika kwenye kamba. Baba watoto alisimamisha feni upande wa pili wa chumba, ikipuliza ukutani, kwa sababu upepo ukikipiga kitabu chenyewe hukunja kurasa. Adhana ya simu ikilia, vitabu viliinuliwa, kitambaa kikatandikwa, tende zikawekwa, na baada ya sala vikarudi palepale.

Tuliposoma, tulisoma kwa sababu tulikuwa tumeuliza. Siku tuliyofika kwenye ukurasa wa High Walls, mtaa wa chini wa minara ambako wakimbizi wa Cyre wamewekwa, binti yangu aliweka tishu chini akasema, "Hapa. Ni hapa," na akanisomea kwa sauti nikiwa bado na kisu mkononi. Ningekisoma kitabu hicho besimenti, peke yangu, kwenye kiti, ningeupita mtaa ule kama msafiri anavyopita stesheni asiyoshuka. Sasa uligeuka mtaa wetu. Usiku ule tulicheza hadi karibu na daku, na hatukutoka mtaani.

Kumi la kwanza lilipokwisha, nilivitoa vile vinane. Nilivisimamisha besimenti, kurasa zimepanuliwa kadiri zilivyokubali, feni ikizunguka. Sikuwa na mikono ya kuvifungua kurasa kwa kurasa, na nilijua mwisho wake. Siku ya tatu kile cha majoka kilikuwa kimekauka na kuwa kitu kimoja, kizito, chenye jalada zuri. Nilikaa nacho mapajani kwenye ngazi ileile sanduku lilipokatikia. Nilihuzunika kwa haki, kwani kuna watu waliokiandika kwa miaka ya maarifa yao. Lakini nilielewa pia kwamba kitabu kile kilikuwa kimelala kabla maji hayajaingia. Nilikuwa nimekinunua ili nikimiliki. Hakuna mtu mezani aliyekuwa anakingoja.

Na sambusa 200 zilikuwa zimerudi frizani, safi, zimepangwa kwa karatasi ya nta baina ya safu na safu. Mama alikuwa amechukua karatasi iliyobaki kwenye roli langu.

Lisilo na jumla

Kulikuwa na swali moja daftarini ambalo vijistari vyake vilizidi vya yote. Lilianza usiku wa pili na likarudi kila tulipokaa: *Nani aliiua Cyre?*

Nililitafuta katika kitabu kikuu, nikalitafuta katika Five Nations chenye sura juu ya nchi ile ya ukungu. Nilijaribu hata kuchungulia pembe za kurasa zilizoshikana. Halimo. Wenye Eberron waliliacha wazi kwa makusudi tangu 2004. Katika kila toleo wamekataa kulijibu, ili kila meza ilijibu yenyewe.

Usiku mmoja wa kumi la mwisho Mama alilivuta daftari, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye vijistari kama anayesoma hesabu za mwezi.

"Hiki kimeulizwa mara 11. Mbona hamjakiagiza?"

"Hakipo, Mama. Hakikuandikwa. Wamewaachia wanaocheza."

Alifikiri kidogo. Halafu akatusimulia habari za wasuka mikeka wa Pangani. Walikuwa wakimwulizia rangi ya kuchovya ukindu, kijani ya namna fulani, si kijani ya kopo. Vijistari vilifika 9. Alikwenda Tanga mara tatu akazunguka maduka yote ya jumla. Nyekundu ilikuwepo, zambarau ilikuwepo, kijani ile haikuwepo. Aliporudi mara ya tatu mikono mitupu akawasomea daftari lake: mmeniuliza mara 9, na haina jumla. Wale kina mama wakaenda, wakachemsha majani, wakakosea, wakachemsha tena. Mwisho wakaipata.

"Nami nikaiweka rafuni," alisema, "nikawa nawauzia watu rangi yao wenyewe."

Alimrudishia binti yangu daftari. Hakusema zaidi.

Siku ya pili ya Idi, baada ya pilau, watoto watatu walikaa mezani na daftari lile lenye kurasa nyingi tupu. Madadu yalikuwa yametoka kabatini lakini hakuna aliyeyashika. Walibishana hadi magharibi. Jibu lao sitaliandika hapa, maana ni lao na kampeni haijafika huko. Nitasema tu kwamba halina joka wala mchawi mkubwa. Linahusu amri iliyotolewa na mtu aliyekuwa mbali, na watu wa kawaida walioitii. Kijana wa jirani ndiye aliyeandika ukurasa wa mwisho, na ndani yake kuna mama mmoja wa High Walls anayeshika karatasi ya mgao, kwa sababu mumewe hakuvuka ukungu.

Leo rafu ninayo, juu ukutani sebuleni, mbali na maji. Ina vitabu vitano vya Eberron, vinne vikiwa na kurasa zenye mawimbi na harufu hafifu ya giligilani, na katikati yao limesimama daftari la shule. Sijanunua kingine tangu siku ile. Nitanunua, vijistari vikifika vitatu.

Mama aliondoka kurudi Pangani mwezi Mei. Usiku wa kuamkia safari alikunja sambusa za kutuachia, akazipanga frizani mwenyewe. Baada ya kumsindikiza uwanja wa ndege nilifungua droo kuzitazama. Mbili zilikuwa zimejaa. Ya tatu, ya chini, ilikuwa tupu, imefutwa na kukaushwa, na ndani yake ameacha mfuko mmoja wa plastiki na karatasi ya nta iliyokunjwa vizuri.

Alipopiga simu kutueleza amefika salama, nilimwuliza sababu.

"Mvua za Machi hurudi kila mwaka, mwanangu," alisema. "Na daftari lile ni la karatasi."